Mzee na mama kwenda visiwani Tanga kwa siku moja

Shikamoo mzee. Umeuliza kama mtaweza kuzunguka visiwa kwa boti siku moja, na mama magoti yanamsumbua. Mtaweza, ila chagueni kimoja. Toten kiko karibu, humo humo kwenye ghuba ya Tanga, kina magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Maziwe, upande wa Pangani, ni mchanga mtupu usio na mti, na maji yakijaa hufunikwa, kwa hiyo saa anapanga nahodha, si nyie. Mwavuli lazima.

Shida ya magoti ni kupanda na kushuka. Boti mara nyingi haigusi mchanga, unajikuta unashukia maji ya mapajani huku chombo kinayumba. Kabla ya kulipa, ulizeni kama kina ngazi, na makoti ya kuokolea muyaone kwa macho. Upepo wa kusi ukikaza, ahirisheni. Novemba bahari hutulia.