"Osha vizuri" ilitugharimu wiki tatu

Kama maabara yako imealikwa kushirikiana na nyingine kuthibitisha njia ya kupima usalama wa kemikali bila wanyama, safirini kwanza. Mkaone mikono ya wenzenu inavyofanya kazi. Sisi tuliona utaratibu ulioandikwa unatosha.

Tulikuwa maabara tatu, tukipima kama kemikali huwasha ngozi. Badala ya sungura tulitumia vipande vidogo vya ngozi iliyokuzwa kutoka seli za binadamu. Unaweka kemikali juu, unaiosha muda wake ukifika, unasubiri saa 42, kisha unatia MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikiwa asilimia 50 au pungufu ya ile ya tishu isiyoguswa na kemikali, umepata kiwashaji.

Kemikali moja, iliyokuja na namba tu bila jina, kwetu ilitoa asilimia 71. Kwa wenzetu, 34. Tukalaumu bechi ya tishu. Wao wakalaumu mashine yetu ya kusomea rangi. Barua pepe zikawa ndefu, salamu zikawa fupi.

Wiki ya tatu fundi wao mmoja akaja. Alisimama nyuma yangu kimya mpaka nilipofika kwenye kuosha. "Ndugu yangu, kumbe mnaosha hivyo?" Mimi nilishika chupa karibu kabisa, nikamimina kwa nguvu mpaka povu likaisha. Yeye alizoea kijito chembamba, mara tano basi, na kemikali ilikuwa ikibaki kwenye tishu zao. Maandishi yalisema "osha vizuri", na kila mtu ana vizuri yake. Tukaandika upya: mara ngapi, umbali gani, chupa ipi. Tukapiga na video. Kisha wote tukarudia tangu mwanzo, na yetu pia, maana kuosha kwangu nako hakukuwa kumeandikwa popote.

Namba za siri za kemikali zishikwe na mtu asiyepima chochote. Ukijua jina la kemikali, mkono wako unajua jibu kabla ya mashine. Lakini kabla ya kuanza, ichanganye kila kemikali na MTT peke yake, bila tishu. Zipo zinazoigeuza zambarau zenyewe, na tishu iliyokufa ikaonekana hai.

Halafu msimfanye sungura kuwa hakimu. Kipimo cha Draize, yaani kile cha ngozi ya sungura, ni cha 1944, na alama zake hutegemea jicho la anayetazama wekundu na uvimbe. Matokeo yenu yakipishana nayo, tafuteni kwanza kama kuna data ya binadamu.

Wataalamu watakaopitia kazi yenu watawabana, na wana sababu. Tangu 1981 nchi za OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, zimekubaliana kupokea data ya usalama iliyopatikana katika nchi nyingine mwanachama, mradi imefuata miongozo yao na taratibu bora za maabara. Mwongozo ukishapita na kasoro, kasoro hiyo inavuka mipaka nao.

Kwa hiyo vigezo vya kufaulu viandikwe kabla ya jaribio la kwanza, na kila jaribio lililoharibika liingie kwenye jedwali la pamoja. Mwenzetu mmoja alitaka tufute yale ya kabla ya ziara, eti yanatuaibisha. Tulibishana karibu siku nzima. Ile 71 bado imo kwenye ripoti, na 34 iko pembeni yake.