Mnauliza, Dokta Anajibu: Nimeze dawa wakati viungo haviniumi?

SWALI: Habari za kazi dokta. Nafundisha sekondari huku Singida, nina ugonjwa wa ngozi wa soriasisi tangu niko chuo, magamba yako kwenye viwiko na ndani ya nywele, na kucha zina vitundu vitundu kama zimechomwa sindano. Mamdogo wangu yeye imemwingia kwenye viungo, vidole vimepinda hata kushika mwiko shida. Sasa daktari wa ngozi anataka nianze mapema vidonge vya metotreksati, ambavyo nasikia vinaweza kuumiza ini, ili nisifike alipofika mamdogo. Jamani mi siumwi popote! Niliumize ini kwa ugonjwa ambao sina? Mume wangu anasema meza tu, mi nasita.
Mwalimu, Singida

JIBU: Mwalimu, kusita kwako wala sio ujinga, wengi wakiambiwa hivi wanajibu kama wewe, mazoezi na kupunguza mwili sawa, vidonge ndo mtihani. Na kusema kweli mpaka leo hakuna dawa iliyothibitika kuzuia soriasisi ya ngozi isiingie kwenye viungo. Kuna sindano za kisasa zinafanyiwa utafiti kwa kazi hiyo na matumaini yapo, ila ni utafiti bado. Kwa hiyo rudi umuulize daktari wako: hii dawa unanipa ya ngozi au ya viungo? Maana kama magamba yamezidi na za kupaka zimeshindwa, metotreksati ina sababu yake kabisa, imetumika miaka na miaka, mradi upimwe damu, ini na figo kwanza na uendelee kupimwa, pombe uiweke pembeni, na kama mnataka mtoto useme mapema kwa sababu inadhuru mimba. Ngozi ikiwa imetulia, mi sikulaumu ukisubiri.

Lakini usisubiri umefumba macho. Wenye soriasisi mpaka 3 kati ya 10 huja kupata ya viungo, mara nyingi miaka kama 10 baada ya ngozi kuanza, na wewe una vitundu vya kucha, una kichwani, una na mamdogo. Ukiamka vidole vimekaza zaidi ya nusu saa hata kufunga vifungo huwezi, au kidole kizima kimevimba kama soseji, au kisigino kinauma ukikanyaga sakafu, usisingizie kusimama darasani. Nenda. Na usikubali kurudishwa nyumbani eti kipimo cha baridi yabisi ni negativu, ugonjwa huu kwa kawaida hauonekani humo (wengine huambiwa ni gauti, wanakatazwa nyama bure). Kama kilo zimezidi anza nazo hizo. Ukitaka maoni ya daktari mwingine, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

SWALI: Shemeji yangu anameza hizo metotreksati kila asubuhi ili apone haraka, ni sawa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: HAPANA! Kwa soriasisi humezwa mara 1 kwa wiki, siku ileile, kila siku ni sumu, inaua uboho unaotengeneza damu na watu wamekufa hivyo. Asimeze kingine, aende hospitali leo leo hata kama anajisikia mzima, asingoje homa wala vidonda mdomoni, na abebe pakiti yenyewe waione.