Nyayo zinawaka moto na ulimi unauma: nimepungukiwa vitamini gani?

SWALI: Daktari, naomba msaada. Mimi ni mama wa miaka 58, nina kisukari, na huu ni mwaka wa tisa natumia metformini. Pia nameza omeprazoli karibu kila siku kwa ajili ya kiungulia. Kwa miezi kadhaa sasa nyayo zinawaka moto usiku, vidole vya miguu vina ganzi, na ulimi unaniuma nikila chochote chenye chumvi au ndimu. Nyumbani wanasema nimepungukiwa vitamini, ninunue vidonge vya mchanganyiko. Lakini nyama nakula, mayai nakula, maziwa nakunywa. Nitajuaje ni vitamini gani, na imepunguaje?

JIBU: Pole sana mama. Wa nyumbani huenda hawajakosea, ila hivyo vidonge usivianze kwanza. Kwa maelezo yako ninaishuku vitamini B12, na wala sioni kosa kwenye chakula chako. Ninachokitilia shaka ni dawa zako mbili.

B12 haiingii kwenye damu kirahisi. Ndani ya nyama au yai imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayosaidia kuibandua. Kisha ukuta wa tumbo hutoa protini maalumu ya kuibeba, na viwili hivyo husafiri pamoja hadi mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, ambako B12 hufyonzwa. Omeprazoli hupunguza asidi huku juu. Metformini nayo huvuruga ufyonzwaji kule chini. Wewe unatumia zote mbili, kwa muda mrefu.

Mbona basi hukuugua mwaka wa kwanza? Kwa sababu mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Akiba inapokwisha, mgonjwa hakumbuki tena kuihusisha hali yake na kidonge alichokizoea.

Kwamba mtu anaweza kula vizuri na bado akakosa vitamini hii si jambo jipya. Mwaka 1926 George Minot na William Murphy, madaktari wa Boston, walieleza jinsi walivyowatibu kwa kuwalisha maini wagonjwa wa aina ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua. Baadaye William Castle aliwapa wagonjwa wa namna hiyo nyama ya ng'ombe iliyokwisha kuchanganyika na majimaji ya tumbo la mtu mwenye afya, na damu yao ikaanza kuongezeka. Nyama peke yake haikusaidia. (Haipendezi kusimulia mezani, najua.) Walichokosa ni ile protini ya kubebea. Hadi leo wapo ambao kinga ya mwili wao hushambulia seli zinazoitengeneza, na wapo waliokatwa sehemu ya tumbo au ya utumbo. Asiyekula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama naye yumo hatarini, lakini hiyo ni njia moja tu kati ya nyingi.

Kuhusu kutambua, jitazame ulimi kwenye kioo, penye mwanga wa kutosha. Ulimi wa kawaida una vinundu vidogo vinavyoufanya ukwaruze. Wa mtu aliyepungukiwa B12 huweza kuwa mwekundu, laini, unang'aa, kama uliosuguliwa. Je, unayumba ukitembea gizani, au ukifumba macho unaponawa uso? Unasahau kuliko zamani? Mweleze daktari wako. Dalili nyingine hazina mwenyewe mmoja: pembe za mdomo hupasuka kwa kukosa vitamini B2, kwa kukosa madini ya chuma, au kwa fangasi tu. Kutoona vizuri usiku hutufanya tufikirie vitamini A, na fizi zinazovuja damu pamoja na vidonda visivyopona, vitamini C. Vile vidoa vyeupe kwenye kucha mara nyingi ni alama ya kujigonga.

Sasa tatizo lenyewe: kisukari nacho huharibu neva za miguu, na huwaka na kufa ganzi vilevile. Ndiyo maana wengi huambiwa "ni sukari tu" na mambo yakaishia hapo. Kwa macho siwezi kutofautisha, na unaweza kuwa navyo vyote viwili. Omba kipimo cha B12 na picha kamili ya damu, na damu itolewe kabla hujameza vitamini yoyote, maana vidonge vitapandisha kiwango na kutuficha tunachokitafuta. Usikubali kuambiwa kwamba B12 haina shida kwa kuwa damu ni ya kutosha. Neva huweza kuumia huku damu ikiwa sawa. Kiwango kikiwa katikati, kipimo cha asidi ya methilimaloniki, kemikali iliyomo mwilini, husaidia kuamua: B12 ikipungua, hiyo hupanda.

Vidonge vya mchanganyiko nimekuzuia kwa sababu nyingine mbili. Asidi ya foliki huweza kurekebisha damu huku uharibifu wa neva ukiendelea kimyakimya. Na vitamini B6, ambayo hujazwa kwa wingi kwenye vidonge vinavyouzwa kama "vya neva", ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huleta ganzi. Ukiwa navyo ndani, soma kibandiko.

Kipimo kikithibitisha, utapewa sindano, au vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku. Dozi inaonekana kubwa mno, lakini takriban asilimia 1 hupenya bila kuhitaji ile protini. Ulimi na damu huanza kupata nafuu ndani ya wiki chache. Neva huchukua miezi, na zilizoumia muda mrefu hazirudi zote, kwa hiyo usiahirishe. Metformini usiiache mwenyewe, kwa kawaida huendelea pamoja na B12. Omeprazoli muulize daktari wako kama bado unaihitaji.

Majibu yakitoka niandikie namba pamoja na kizio chake. Maabara nyingine hutumia pikogramu kwa mililita, ambako chini ya 200 huhesabiwa upungufu. Nyingine hutumia pikomoli kwa lita, na huko kiwango hichohicho ni takriban 148.