Unapanda meza kubwa? Ielewe variansi kwanza

Watu wakiniuliza kuhusu kupanda kutoka meza za dola 10 (yaani unaingia mezani na dola 10) kwenda za 25 au 50 kwenye poka ya mtandaoni swali huwa ni lile lile, niwe na mtaji kiasi gani? Mi naanzaga kwingine kabisa. Ukipanda, wapinzani wanakuwa wagumu kwa hiyo faida yako inapungua, lakini zile panda shuka za bahati, ndo variansi yenyewe, zinabaki vile vile, na hapo ndo watu wanaumia bila kuelewa kimewapata nini.

Tuchukue namba. Holdem (poka ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani) ya watu 6, mchezaji mzuri wa meza ndogo tuseme anapata blaindi kubwa 5 (blaindi kubwa ni lile dau la lazima la kuanzia) kwa kila mikono 100, yaani mizunguko 100 ya kugawa karata, hiyo ni faida nzuri kabisa. Ila matokeo yake kuyumba blaindi 100 juu au chini ndani ya hiyo mikono 100 ni jambo la kawaida. Sasa acheze mikono 10,000, ambayo hata ukifungua meza 4 kwa pamoja ni zaidi ya masaa 30, anategemea faida ya blaindi 500 lakini kuyumba kwa kawaida ni blaindi 1,000, kwa hiyo ana karibu nafasi 3 kati ya 10 ya kumaliza kwenye hasara. Akifika mikono 100,000 inashuka mpaka kama asilimia 6. Haya mpandishe, faida ishuke iwe blaindi 2, kwa mikono hiyo hiyo 100,000 nafasi ya hasara inarudi mpaka robo. Robo jamani, na huyo ni mtu anayeshinda!

Angalia mkono mmoja. Una nane mbili, flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, inaleta nane ya tatu na kopa mbili, jamaa mwenye kopa mbili mkononi anaweka pesa zote, wewe unaita, yaani unalipa dau lake. Umecheza vizuri kabisa, na bado karibu mara 1 kati ya 4 kopa inaanguka, jamaa anapata kopa tano zinazoshinda nane zako tatu, pesa inaondoka. Kwenye meza ya dola 10 unafungua mkono unaofuata, kwenye ya 50 unaanza kujiuliza kama unajua kucheza, halafu unaanza kukunja karata nzuri kwa woga. Huo woga ndo unakula pesa kuliko ile kopa.

Ninachofanya mimi: nikiwa na mtaji wa kununua meza ya juu kama mara 30, natenga viingilio 3 tu kati ya hivyo vya kujaribia, vikiisha nashuka siku hiyo hiyo bila kujadiliana na mtu, na hiyo sheria naiweka kabla sijakaa. Nafungua meza chache kuliko kawaida. Pesa ya kodi au ya ada haiingii humo kamwe, kwa hili sina mjadala kabisa.

Baadaye napitia mikono mikubwa bila kuangalia nani alishinda, nauliza tu, pale pesa zilipoingia nilikuwa mbele au nyuma? Na kitu kingine, programu nyingi zina setingi ya kuonyesha steki (pesa uliyonayo mezani) kwa blaindi badala ya dola, iwashe, mi ndo ilinifanya nikaacha kusita kubeti kwenye riva, ile karata ya mwisho ya mezani.