Muuguzi katangaza ugonjwa wangu kwenye kundi la dua

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Muuguzi wa kituo ninakochukua dawa tunaswali naye msikiti mmoja. Ameandika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama: tumwombee fulani, ana virusi vya UKIMWI. Nilipolalamika nikaambiwa si uzushi, tena nia yake ni dua. Kwa aibu nimeacha kwenda kituoni. Je, nina dhambi kwa kutomsamehe?

JIBU: Wa alaykumus salaam, dada yangu. Kwanza rudi kwenye dawa, leo hii. Kama kituo hicho hukiwezi tena, omba uhamisho.

Hilo la "si uzushi" Mtume (s.a.w.) alishalijibu, kama alivyopokea Imam Muslim, mkusanyaji wa Hadithi, kutoka kwa sahaba Abu Hurayra. Aliulizwa: je, kama ninayoyasema ndugu yangu anayo? Akasema: akiwa nayo umemsengenya, asipokuwa nayo umemzulia. Basi huo ukweli wanaojitetea nao ndio unaoifanya kauli ya muuguzi kuwa ghiba, yaani kusengenya.

Kisingizio cha dua kinaniudhi zaidi, maana kinaivika dhambi kanzu. Nani kasema Allah hapokei dua mpaka kundi zima lijue jina la maradhi? Dua inayosifiwa katika Hadithi ni ya kumwombea nduguyo asipokuwepo, na Malaika huiitikia amin. Wengine, ili kuhalalisha kutaja aibu za watu, hushika kisa cha sahaba Fatima bint Qays, aliyeambiwa na Mtume aibu za Muawiya na Abu Jahm. Lakini yeye alikuja kutaka ushauri juu ya wanaume waliomposa, akaelezwa yaliyomhusu, basi. Kundi lile lilikuwa linakuposa?

Tena muuguzi huyu siri aliipata kazini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Brunei mwaka 1993, liliihesabu siri ya mgonjwa kuwa amana, isitolewe ila kuzuia madhara makubwa zaidi. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo inailinda.

Mumeo, kama unaye na hajui, ana haki ya kujua, kwa kuwa madhara yanamgusa. Aisikie kwako, mbele ya mshauri nasaha ukipenda, kabla ujumbe ule haujamfikia.

Kutosamehe si dhambi. Allah kausifu msamaha, hakukulazimisha. Muuguzi ndiye wa kuufuta ujumbe, awaambie akina mama wale wale kwamba amekudhulumu, ndipo aje kwako. Na ukimshtaki kwa mganga mfawidhi hujamsengenya; aliyedhulumiwa ameruhusiwa kusema, Suratun Nisaa aya ya 148.