Dawa ya thairoidi imeninenepesha?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 34. Thairoidi yangu, ile tezi ya shingoni, ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Moyo ulinienda mbio hata nimelala, na nikakonda kutoka kilo 68 hadi 57 ilhali nakula kama mtu na nusu. Nina miezi 4 kwenye kabimazoli, dawa ya kuituliza, na sasa nina kilo 67. Nimeacha kula asubuhi, na nafikiria kupunguza vidonge. Nifanyeje?
Nimechoka na Mizani

JIBU: Marahaba mwanangu. Dozi usiibadilishe mwenyewe. Dawa imezima moto uliokuwa unaunguza kila ulichokula, basi. Hizo kilo 10 ni zako zilizorudi, na ndani yake imo misuli uliyoipoteza ukiumwa.

Umesema ulikula kama mtu na nusu. Huyo nusu ameshaondoka? Wangu hakuondoka upesi. Nilipougua nilikuwa naamka usiku kutafuta mkate, na miezi kadhaa baada ya mapigo kutulia miguu bado ilinipeleka jikoni saa zilezile, njaa yenyewe haipo.

Anzia hapo. Pakua mara moja, ufunike sufuria. Soda na juisi, weka maji mahali pake. Asubuhi kula, maana ukiiruka utafika jioni huna breki. Kila mlo uwe na yai, maharage, samaki au mtindi ili misuli ijengeke, na daktari akiridhika na moyo wako, anza mazoezi ya kunyanyua vitu. Maziwa usiyasahau, homoni ya thairoidi ikizidi hudhoofisha mifupa.

Ukifanya hayo na mizani ikaendelea kupanda, shuku dozi. Kabimazoli ikizidi, tezi hulegea: unahisi baridi, unasinzia, choo kinakuwa kigumu. Omba damu ipimwe, T4 (homoni ya thairoidi yenyewe) pamoja na TSH (homoni ya kutoka kwenye ubongo inayoiamuru tezi), kwani TSH huweza kubaki chini kwa miezi hata homoni zikishashuka. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha, sema kabla ya kutoa damu. Biotini, vitamini iliyomo humo, huvuruga majibu. Na vile vya mwani vya kupunguza uzito visikukaribie, vina madini joto mengi.

Jambo jingine, hata kama hukuliuliza: koo likiuma au homa ikipanda, usingoje siku ya kliniki. Kabimazoli, ingawa hutokea kwa nadra, huweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo.