Bill ya maji, ya Bunge na ya ndege

SWALI: Ninatafsiri habari za Kiingereza kwa ajili ya redio ya mtaani hapa Nairobi. Neno "bill" linanisumbua. Mara ni bili ya maji, mara mswada, mara noti ya dola, na kamusi inaongeza mdomo wa ndege. Ni neno moja au ni mengi yaliyofanana tu?
Msomaji, Umoja

JIBU: Ni zaidi ya moja. La ndege liweke kando: linatokana na "bile" la Kiingereza cha kale na halina udugu wowote na karatasi. Bill jina la mtu nalo ni kifupi cha William.

Yaliyobaki ni ya ukoo mmoja. Katika Kilatini, "bulla" ilikuwa povu, kisha kitu cha mviringo, kisha muhuri uliotundikwa kwenye hati rasmi. Jina la muhuri likahamia kwenye hati yenyewe. Uingereza ikalitamka "billa", na kufikia karne ya 14 "bill" ilikuwa karatasi yoyote iliyoandikwa: ombi, shtaka, orodha, deni. Kwa hiyo unapotafsiri, jiulize karatasi hiyo inafanya kazi gani.

Ikiwa inadai pesa, ni bili. Hapo huna shida.

Ikiwa inapendekeza sheria, ni mswada. Neno hili letu lina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya weusi, yaani maandishi ya wino ambayo bado ni rasimu. Ndiyo maana hata kitabu ambacho hakijachapishwa huitwa mswada. Shika sana wazo hilo la rasimu, kwa sababu hapa ndipo watangazaji wengi hukosea: wabunge wakishapiga kura, taarifa inasema "sheria imepitishwa". Mswada huwa sheria Rais akishautia saini. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishwa na wabunge Juni 25, kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini, na haukuwa sheria. Aliyeuita sheria jioni ya Juni 25 aliwapotosha wasikilizaji wake katika jambo zito.

Kuna mtego mmoja. "Bill of Rights" ya Uingereza, ya 1689, ni sheria kamili japo inaitwa "bill". Jina limebaki na maana ile ya kale ya hati. Ukiandika "mswada wa haki", msikilizaji atadhani bado inajadiliwa. Andika hati ya haki.

Kwenye biashara, "bill of lading" ni hati ya shehena. Mwenye meli huitoa kuthibitisha amepokea mzigo, na kwa kawaida anayeshika nakala halisi ndiye anayekabidhiwa mzigo bandarini. Usiiite bili, maana haidai chochote. BQ ya mafundi wetu, "bill of quantities", ni orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi pamoja na vipimo vyake. Bei hujazwa baadaye na mkandarasi. "Treasury bills" ni dhamana za muda mfupi za Hazina, za siku 91, 182 na 364: unalipa pungufu, muda ukiisha unapokea thamani kamili. Hatifungani ("bonds") ni kitu kingine, cha miaka, na kuzichanganya kunaweza kumgharimu msikilizaji anayetaka kuwekeza.

Ya dola ni fupi: Mmarekani husema "bill" pale ambapo Mwingereza husema "note", nasi noti.

SWALI: Je, bilioni na "billboard" za Thika Road zimo katika ukoo huo?
Msomaji, Kasarani

JIBU: Bilioni haimo. Wafaransa waliiunda kwa kuunganisha "bi", yaani mbili, na milioni. "Billboard" imo: ulikuwa ubao wa kubandikia matangazo ya karatasi, nayo pia yaliitwa "bills". Kwa Kiswahili sema bango.